Jamaa ya Askari Inaposafiri Ng'ambo: Kazi ya Kikundi Kabla ya Ndege



Katika matembezi yetu ya vikundi, kuanzia Rabai na Kaloleni mpaka Gongoni, tumekutana na jambo ambalo zamani halikuwako kwenye ajenda za mikutano. Kijana wa kijiji alikwenda Marekani, pengine kwa masomo, pengine kwa ile bahati nasibu ya viza, kisha akaingia jeshi la huko. Au aliandikwa katika jeshi la Uingereza, ambalo mwaka 2018 liliondoa sharti la kuwa raia wa Jumuiya ya Madola awe kwanza ameishi Uingereza miaka 5. Sasa amepata makao na anataka mkewe na watoto wamfuate. Mke huyo ni mwanachama wenu. Siku moja anasimama mkutanoni na kusema, "Akina mama, nimeitwa. Nisaidieni."

Kikundi hufanya nini? Hufanya harambee. Kadi za mchango zinatembea, hema linakodiwa, pilau inapikwa, fulana zinachapwa picha ya watoto. Hatupingi sherehe, sisi wenyewe tumeila hiyo pilau. Lakini wacheni tuwaambie kitu ambacho hatukipendi kukikumbuka. Miaka kadhaa iliyopita tuliisindikiza jamaa moja hadi uwanja wa ndege Nairobi, mama na watoto watatu. Baada ya saa moja tukatoka nao tena, mizigo yote mikononi. Mtoto wa pili aliandikwa jina moja kwenye pasipoti na jina lingine kwenye tiketi. Baba alikuwa amenunua tiketi kule aliko, akatumia jina alilotumiwa kwenye orodha, na orodha hiyo tuliiandika sisi, ofisini kwetu, kwa jina la shule la mtoto. Kosa lilikuwa letu. Tiketi zile hazikuwa za kubadilishwa. Mkopo wa kikundi ulipotea, na mama yule alikaa miezi kabla ya kupata nauli nyingine, akiona haya hata kupita sokoni kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumuaga.

Tangu siku hiyo tunawaambia vikundi: safari yenyewe ni siku moja au mbili, lakini kazi yake ni ya miezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko hapa nyumbani. Anzeni na karatasi na afya ya watoto. Hema lije mwisho.

Babu zetu hawakuwa na shida hii. Askari wa Kiafrika walipopelekwa vitani Burma waliondoka kwa meli bandarini Kilindini, na jamaa walibaki kungoja barua. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Siku hizi jamaa humfuata askari. Ni jambo jema, ila lina kazi.

MAJINA

Sisi watu wa pwani tuna utajiri wa majina, na utajiri huo ndio unaotuangusha. Mtoto anazaliwa anaitwa Kahindi, jina la babu yake. Akifika shule anakuwa Emmanuel. Cheti cha kuzaliwa kina Kahindi Charo, kadi ya ubatizo ina Emmanuel Kahindi, na shule imeandika Emmanuel Charo Karisa. Halafu yuko karani ambaye si wa huku: Kadzo anakuwa Kazo, Dzame anakuwa Zame. Sisi twajua ni mtoto yule yule. Kompyuta haijui.

Tena huku jina la mwisho ni la baba, kwa hivyo hubadilika kila kizazi. Wazungu wamezoea jina moja la ukoo kwa baba, mama na watoto. Afisa akiona baba ana jina la mwisho Charo, mama ana Katana na mtoto ana Kahindi, atauliza. Si dhambi wala si kosa, lakini mama awe tayari kujibu kwa utulivu kwamba ndivyo tunavyoitana.

Basi, kikundi kichague mtu mmoja mwenye macho makali. Atandaze mezani cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, na baadaye viza na tiketi. Asome herufi kwa herufi, si jina kwa jina, na tarehe za kuzaliwa pia. Palipo na tofauti, irekebishwe kwenye ofisi ya usajili sasa, kabla ya kuomba pasipoti, maana ukirekebisha cheti baada ya pasipoti umejipa kazi mara mbili. Nyumba nyingi za Ganze, Magarini na huko ndani zina watoto waliozaliwa nyumbani na hawana cheti kabisa. Kusajili kwa kuchelewa kunawezekana, lakini kunataka barua ya chifu na ushahidi, na kunataka subira. Pasipoti huombwa kwa eCitizen. Malipo ya serikali hupitia huko, si kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ana tai na anajiita wakala.

Ndoa nayo. Mahari ilitolewa, mnazi ukanywewa, wazee wa pande zote wakashuhudia. Hiyo ni ndoa, hakuna anayeibisha, lakini Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe na ipewe cheti. Bila cheti hicho ubalozi hautakwenda mbali na nyinyi. Jeshi la Marekani pia lina daftari lake la jamaa, liitwalo DEERS, na askari hawezi kumwandikisha mke wala mtoto bila vyeti. Asiyekuwa kwenye daftari hapati kadi ya matibabu ya jeshi. Kwa hivyo vyeti halisi vinasafiri mkononi mwa mama, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Nakala mbili zibaki na katibu wa kikundi.

Na kabla hamjachanga hata senti, askari aulize kikosini kwake kama jeshi litalipa nauli yote, sehemu, au halilipi, na jibu alipate kwa maandishi. Tunajua kikundi kilichochanga nauli ambayo ilikuwa imekwisha kulipwa. Ugomvi uliofuata mnaweza kuukisia.

NANI ANAHESABIWA

Hili ni gumu kulisema, na ndiyo sababu watu huliacha mpaka mwisho. Katika nyumba zetu mtoto wa dada aliyefariki ni mtoto wako. Anakula sahani moja na wako, anakuita mama. Kwa sheria ya viza huyo hahesabiwi. Marekani humhesabu mtoto aliyezaliwa na askari au mkewe, asiyeoa wala kuolewa, na ambaye hajafika miaka 21. Mtoto wa kambo huhesabiwa ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mke wa pili hapati viza ya mke, si Marekani wala Uingereza.

Tafadhalini, msimwandike mtoto wa dada kama wa kuzaliwa. Pale karatasi zinapotiliwa shaka ubalozi unaweza kutaka kipimo cha DNA, na uongo ukigunduliwa jamaa nzima inaweza kufungiwa mlango. Lakini pia msimwache mtoto huyo ajue siku ya matatu. Tumemwona msichana wa darasa la 5 akikimbia nyuma ya gari mpaka barabara kuu. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote, kila mtu aliona mwenzake atamwambia. Mwambieni mapema, nani atakaa naye, nani atalipa shule, na simu itapigwa siku gani. Wazee na kikundi waandike mapatano hayo, na atakayemlea atie sahihi.

AFYA

Uchunguzi wa afya wa viza hufanywa Nairobi, kwa madaktari waliokubaliwa na ubalozi tu. Barua ya daktari mwingine haitoshi. Kitu kinachochelewesha watu zaidi ni kifua kikuu. Anayekwenda Uingereza kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe. Anayehamia Marekani hupimwa pia, watoto wakiwemo. Akipatikana nao atatibiwa kwanza, na matibabu kwa kawaida ni miezi 6. Kwa hivyo mwenye kikohozi cha wiki mbili nyumbani, hata kama ni bibi ambaye hasafiri, aende zahanati leo. Dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali. Kadi ya kliniki ya mtoto nayo itafutwe, maana chanjo isiyo na ushahidi hurudiwa.

Sasa tukae kidogo kwenye jambo ambalo linatuhusu sisi wa Kilifi kuliko watu wengi: ugonjwa wa selimundu, ambao tumezoea kuuita sikoseli. Huku kwetu, karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa nao. Watafiti wa KEMRI walioko Kilifi tangu 1989 wameuchunguza miaka mingi, na hospitali ya kaunti pale Kilifi ina kliniki yake. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu, hewa ya oksijeni ikipungua, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa na kifua huanza.

Ndege inaingiaje hapa? Ndege kubwa huruka juu sana, na hewa ya ndani huongezwa kwa mitambo. Lakini haiongezwi mpaka iwe kama ya ufuoni. Huwa kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Mtoto wetu amezaliwa usawa wa bahari. Unampandisha Nairobi, ambayo yenyewe iko karibu mita 1,700, halafu unamweka kwenye hewa nyembamba zaidi, kavu, baridi, amekaa bila kusogea saa 15. Kwa mtoto mzima atasikia uchovu tu. Kwa mtoto wa selimundu hali hiyo inaweza kuamsha maumivu, na huko juu hakuna hospitali.

Hatusemi asisafiri. Wengi husafiri na kufika salama. Tunasema daktari wake ajue, na ajue mapema, si siku ya kufunga mizigo. Mama amuulize: Je, damu yake inatosha? Aliumwa lini mara ya mwisho, na je, tungoje kidogo? Anahitaji oksijeni ndani ya ndege? Ikiwa anahitaji, shirika la ndege lazima liambiwe siku kadhaa kabla, pamoja na barua ya daktari. Ukiwaambia mlangoni watakuacha. Dawa zake zote, haidroksiyurea, foliki, penisilini, na za maumivu, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina lake, za kutosha mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu daktari wa kule hapatikani siku ya kwanza. Ndani ya ndege anywe maji kila mara hata kama hana kiu, avae soksi na sweta, na atembezwe.

Mtoto ambaye hajawahi kupimwa, lakini huvimba vidole, macho yakawa ya manjano, na hulazwa mara kwa mara kwa kupungukiwa damu, apimwe kabla ya safari. Mwenye kubeba nusu tu ya ugonjwa, yaani amerithi kwa mzazi mmoja, kwa kawaida haumwi na ndege.

Mama mjamzito: mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 humkatalia. Hesabuni miezi kabla ya kununua tiketi.

NJIANI NA NDANI YA NDEGE

Kutoka Malindi mpaka Nairobi mna njia tatu: basi la usiku, ndege ndogo ya saa moja hivi, au gari mpaka Mombasa kisha treni ya Miritini iliyoanza 2017. Yoyote mtakayochagua, msifike Nairobi siku ile ile ya kuruka. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilituonyesha jinsi barabara za pwani zinavyoweza kukatika. Fikeni siku mbili kabla, watoto walale.

Mama wengi hutuambia wanaogopa ndege kuliko viza. Dawa ya woga huo ni mazoezi. Siku ya mkutano pangeni madawati ya shule safu tatu tatu, mwache njia katikati. Mama na watoto wakae, wajifunge leso kiunoni kama mkanda. Mwanachama mmoja awe mhudumu wa ndege apite na sahani. Mtoto aombe kwenda chooni na asubiri zamu. Mama aonyeshe pasipoti, aziweke mahali pake, azitoe tena. Watu watacheka, na wacheke. Mama mmoja wa Kakoneni alituambia kuwa sauti ya choo cha ndege ndiyo iliyomtisha mwanawe kuliko kuruka. Inavuma kama inataka kumvuta mtu. Basi mwambieni mtoto kabla.

Ndege ikishuka, masikio huuma, hasa ya mtoto mdogo. Muamsheni na mumnyonyeshe wakati wa kushuka. Kumeza ndiko kunakofungua sikio. Mwenye usaha sikioni aende kliniki wiki mbili kabla. Na hapa tunasema kwa ukali kidogo: msimpe mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Tumesikia akina mama wakishauriana hivyo. Dawa hizo zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto, na wengine badala ya kulala hupiga kelele usiku kucha. Watu wazima nao wasikae saa zote. Damu hugandia miguuni, zaidi kwa mama aliyejifungua karibuni.

Mizigo tutaipitia haraka. Uzito umeandikwa kwenye tiketi, pimeni nyumbani. Nyama, maembe mabichi, mbegu na miche haziingii Marekani. Hata tunda mlilopewa ndani ya ndege liacheni humo. Chochote cha kula mlicho nacho kitajeni mkiulizwa. Mnazi wa babu usifungwe kwenye chupa: bado unachacha, na chupa itapasuka juu ya nguo za watoto. Na muguka! Mnakumbuka mabishano ya hapa pwani mwaka 2024. Kule hakuna mabishano. Miraa ni marufuku Marekani, na Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2014. Anayemletea mama kifurushi kilichofungwa, "mpelekee tu ndugu yangu", kifunguliwe mbele yake au akirudishe kwake.

KUFIKA

Iko ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York, ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, na huchukua kama saa 15. Nyingine hupitia Ulaya au Ghuba, na pamoja na kungoja ni siku nzima na zaidi. Mama akifika uwanja wa kwanza ndani ya Marekani, hapo ndipo anapokaguliwa na hapo ndipo anapochukua mizigo yake, hata kama bado ana ndege nyingine mbele. Ataichukua, apite ukaguzi, kisha aikabidhi tena. Wengi hawaambiwi hili, mizigo inabaki ikizunguka. Ubalozi ukimpa bahasha iliyofungwa, asiifungue; ni ya afisa wa pale. Tiketi inapokatwa, askari aombe shirika lipange mtu wa kumsindikiza mama kutoka ndege moja hadi nyingine. Inawezekana, mradi iombwe mapema.

Simu inaweza kuzima. Anwani na namba mbili ziandikwe kwenye karatasi, na karatasi moja ishonwe ndani ya nguo ya kila mtoto. Tunasema namba mbili kwa sababu mume ni askari. Anaweza kuitwa kazini siku ile ile jamaa yake inapotua. Namba ya pili iwe ya mtu atakayekwenda uwanjani kama yeye hayupo, na mama awe amekwisha kuzungumza na mtu huyo kwa simu, ajue sauti yake.

Ulizeni pia wanakwenda kambi gani na mwezi gani. Aliyeko Fort Drum, kaskazini mwa New York, mwezi wa Januari ameishi kwenye theluji. Koti la kila mtoto liwe mkononi.

Bado kitu kimoja, nacho huja wakati kijiji kimekwisha kusahau. Malaria aliyoumwa nayo mtoto na mbu wa Kilifi inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kufika. Daktari wa kule haioni malaria kila siku kama wetu, na anaweza kufikiri ni mafua. Mtoto akipata homa katika miezi 3 ya kwanza, mama aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi: "Tumetoka pwani ya Kenya, kuna malaria, mpimeni." Ayajue maneno hayo kwa Kiingereza kabla hajaondoka, mwalimu wa kijiji amfundishe. Na katibu aandike kwenye kitabu cha kikundi kuwa kila Jumapili kwa wiki 12 mtu atapiga simu kuuliza watoto waliamkaje.